Makazi na mipango ya ardhi karibu na Kituo cha Reli cha Syokimau

Kituo cha Reli cha Syokimau ni kituo cha treni za abiria kilichopo Mavoko, kaunti ya Machakos, nchini Kenya, kando ya Barabara Kuu ya Mombasa na jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012 kwa ajili ya watu wanaolala pembezoni mwa jiji la Nairobi na kufanya kazi katikati yake. Makala hii inahusu ardhi inayokizunguka: nani anajenga, nani anapanga, na kwa nini reli na nyumba, ambazo zingefaa kupangwa pamoja, zimekua kila moja kivyake.

Jina la mahali hapa linatokana na Syokimau, mtabiri mwanamke wa Wakamba. Kwa mujibu wa masimulizi, kabla ya kuja kwa Wazungu aliwaambia watu wake kwamba nyoka mrefu angepita katika nchi yao, na kwamba wangekuja wageni waliobeba moto mfukoni. Nyoka huyo baadaye alitambuliwa kuwa reli, na moto kuwa viberiti. Ni vigumu kupata kituo kingine nchini kilichopata jina linalokifaa kiasi hiki.

Historia

Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Reli ya Uganda ilifika hapo mwaka 1899, ikaweka karakana na stoo kwenye kinamasi, na mji ukaota kuizunguka. Shirika la reli lilijenga pia nyumba za wafanyakazi wake, zikiwemo zile za Muthurwa na Makongeni, kwa sababu rahisi: mfanyakazi aliyetakiwa kuingia zamu alfajiri hangeweza kukaa mbali. Kwa maana hiyo, kuweka makazi karibu na stesheni si wazo geni lililoletwa na washauri wa siku hizi.

Baada ya uhuru jiji lilipanuka kwa kufuata barabara, si reli. Matatu zilifika popote palipokuwa na nyumba, na nyumba zikajengwa popote matatu ilipoweza kufika. Treni chache za asubuhi na jioni ziliendelea kwenda Kahawa, Ruiru, Embakasi na Kikuyu, lakini hakuna aliyenunua ploti kwa sababu yake.

Eneo la Syokimau lilikuwa nyika ya malisho. Mashamba makubwa, mengi yakiwa ya vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi, yalikatwa vipande na kuuzwa kwa watu wa tabaka la kati ambao bei za Nairobi zilikuwa zimewashinda. Wengi walijenga polepole, chumba baada ya chumba, kwa mikopo ya sacco. Hati za umiliki hazikuwa salama sikuzote. Mwezi Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla ya kituo kufunguliwa, nyumba nyingi zilibomolewa kwa maelezo kwamba zilisimama kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walikuwa na karatasi walizoamini kuwa halali. Kumbukumbu ya siku hizo bado ipo, na inaeleza kwa nini mkazi wa Syokimau akisikia neno "mpango" hukimbilia kwanza kuangalia hati yake.

Kituo kipya kilitajwa wakati wa kufunguliwa kwake kuwa cha kwanza kujengwa nchini tangu uhuru. Njia ya kufika katikati ya jiji ina urefu wa kilomita 16.5 na hupitia Imara Daima na Makadara. Jengo lilikuwa la kisasa, lenye maegesho makubwa ya magari, na kusudi lake lilikuwa wazi: mwenye gari aliache hapo, apande treni, na aepuke foleni ya Barabara ya Mombasa.

Tangu hapo mambo matatu yamebadilisha eneo. Mwaka 2017 reli ya kisasa (SGR) kutoka Mombasa ilizinduliwa, na stesheni yake kuu ya Nairobi ikawekwa hapohapo Syokimau, ili abiria wa Mombasa waunganishwe na katikati ya jiji kwa treni ndogo. Mwaka 2020 zilianza kutumika treni za dizeli zilizonunuliwa Hispania zikiwa zimeshatumika. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 hivi kutoka Mlolongo hadi Westlands. Barabara hiyo inapita sambamba na reli na ina njia ya kuingilia hapo Syokimau, hivyo mwenye gari ambaye maegesho yale yalitengenezwa kwa ajili yake alipata, miaka kumi baadaye, sababu nzuri ya kutoegesha.

Duara la dakika kumi

Wapanga miji hupenda kuchora duara kuzunguka stesheni. Nusu kipenyo chake huwa mita 800, yaani mwendo wa takriban dakika kumi kwa mtu mzima. Wanaoishi ndani ya duara hilo wanaweza kuifikia treni kwa miguu. Walio nje huhitaji matatu, bodaboda au gari, na mtu akishapanda matatu mara nyingi huona afadhali imfikishe mjini moja kwa moja.

Eneo la duara hilo ni karibu hekta 200, sawa na ekari 500 hivi. Tuchukulie kwamba nusu ya ardhi hiyo inabaki kwa barabara, shule, maduka na viwanja vya wazi, na nusu, yaani ekari 250, inajengwa nyumba. Kwa nyumba nne za familia moja katika kila ekari, zitapatikana nyumba 1,000. Kwa majengo ya ghorofa nne au tano yenye fleti 40 katika kila ekari, zitapatikana 10,000. Ardhi ni ileile na stesheni ni ileile, ila idadi ya watu wanaoweza kuitumia bila gari imeongezeka mara kumi.

Hesabu hii ni ya karatasini, na Syokimau inaiharibu kwa namna mbili. Kwanza, duara lake limekatwa. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo karibu kabisa na kituo imechukuliwa na stesheni ya SGR, yadi na njia zake, maegesho, na upana wa Barabara ya Mombasa pamoja na ile ya juu yake. Mita 800 kwenye ramani zinaweza kuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu pale ambapo hakuna kivuko. Pili, uwanja wa ndege uko jirani, na majengo yaliyo karibu na njia za ndege huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kimo chake. Ghorofa za kupindukia haziwezi kuwekwa popote mtu anapotaka.

Kwa hiyo nyumba nyingi zilizopata kuuzwa kwa tangazo la "karibu na stesheni" ziko mbali nayo kwa miguu, ndani ya Syokimau penyewe, upande wa Katani, au Mlolongo. Anayefaidika na ukaribu huo ni mwendesha bodaboda. Hilo si jambo baya kwake, lakini nauli yake, ikijumlishwa na ya treni, huondoa sehemu ya nafuu ambayo treni ilikusudiwa kuleta.

Treni ngapi?

Jambo linalosahaulika zaidi katika mjadala huu si nyumba bali ratiba. Njia ya Syokimau ni ya reli moja ya zamani yenye upana wa mita moja. Treni mbili zinazokutana lazima zipishane kwenye stesheni au mahali palipoandaliwa. Huduma imekuwa ya asubuhi na jioni hasa, na inafuata mwelekeo mmoja: kuingia mjini asubuhi, kutoka jioni.

Tuseme nyumba 10,000 za mfano wetu zimejengwa, na kila moja inatoa mtu mmoja anayetaka kupanda treni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Ikiwa treni moja inabeba watu 1,000, zinahitajika safari kumi, yaani treni moja kila dakika 18 kwa saa tatu mfululizo. Kwa reli moja isiyo na sehemu za kutosha za kupishana, hilo ni gumu sana. Pasipo kuongeza treni, watu hao wataishi ghorofani kando ya stesheni na bado wataingia barabarani. Matokeo yatakuwa mabaya kuliko sasa, maana msongamano utakuwa wa watu wengi zaidi.

Muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku, mhudumu wa hoteli anayefanya kazi Jumapili na mama anayeuza sokoni Gikomba na kuondoka nyumbani saa kumi alfajiri hawawezi kuitegemea treni ya ofisini. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza cha mpango wowote wa makazi kando ya reli kingefaa kiwe idadi ya treni kwa siku, kabla ya idadi ya ghorofa. Mtu huchagua mahali pa kuishi kwa miaka, lakini ratiba inaweza kubadilishwa kwa tangazo la siku moja, na mpangaji mwenye akili anajua hivyo.

Nani anapanga?

Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, reli ni kazi ya serikali kuu, kama ilivyo sera ya nyumba. Mipango ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi na maji na maji taka ni kazi ya kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inathibitisha kwamba anayetaka kujenga huomba kibali kwa kaunti.

Syokimau iko Machakos, lakini abiria wake wanakwenda Nairobi. Hivyo Shirika la Reli la Kenya, lililo chini ya serikali kuu, linaamua treni ngapi zitaenda. Kaunti ya Machakos inaamua kitakachojengwa nje ya lango la stesheni. Kaunti ya Nairobi inapokea wafanyakazi hao kila asubuhi, na makao ya Machakos, mji wa Machakos wenyewe, yako mbali kiasi kwamba afisa mipango anaweza asiione stesheni hiyo kwa mwezi mzima. Mwaka 2017 iliundwa Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi (NaMATA) kwa ajili ya kuunganisha usafiri wa kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Jukumu lake, hata hivyo, ni usafiri. Haitoi vibali vya ghorofa.

Kila upande una sababu yake ya kutofanya lolote. Kaunti ikiruhusu maghorofa itabeba mzigo wa maji, barabara za ndani na shule, huku nauli ikienda kwa shirika la reli. Shirika likiongeza treni, thamani ya ploti itapanda, na faida itaingia mfukoni mwa mwenye ploti. Katika hali hiyo anayepanga kwa kweli ni mstawishaji wa nyumba za biashara. Yeye ananunua ploti moja iliyokusudiwa nyumba ya familia moja, anajenga ghorofa tano, na kuuza.

Maji na maji taka

Hapa ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia, na hauna mzaha. Mavoko ni eneo kavu, na maji ya bomba hayajawahi kutosha. Kaya nyingi hununua maji ya malori au hutegemea visima virefu, ambavyo maji yake huwa na chumvi. Mtaro mkuu wa maji taka haujafika sehemu kubwa ya Syokimau, kwa hiyo nyumba hutumia mashimo na matangi yanayonyonywa na malori.

Udongo nao ni ule mweusi mzito unaovimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Haunywi maji haraka. Tangi la nyumba moja lenye watu watano linaweza kuvumilika juu ya udongo huo. Ghorofa ya fleti 30 juu ya ploti ileile ni jambo jingine, na maji yakifurika yanatiririka kwa jirani. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za Nairobi na Mavoko, ziliwakumbusha watu kwamba mabonde ya maji hayafutiki kwa kuchorwa ploti.

Mkazi anayepinga ghorofa jirani yake huitwa mara nyingi mtu mwenye choyo, asiyetaka wengine wapate pa kuishi. Wapo wa namna hiyo, kama walivyopo katika vitongoji vya matajiri duniani kote. Lakini anayepinga kwa sababu kinyesi kinapita mbele ya lango lake hana choyo. Anaeleza tu kwamba mtaro ulipaswa kuja kwanza. Wanaotetea ujenzi mnene karibu na reli, ambao kimsingi wana hoja nzuri, huidhoofisha hoja hiyo wanapowaweka watu hawa wawili katika kapu moja.

Thamani ya ardhi

Stesheni ikijengwa kwa fedha za umma, ardhi iliyo jirani hupanda bei bila mwenyewe kufanya kazi yoyote. Nchi chache zimejifunza kuirudisha thamani hiyo. Huko Japani, Kobayashi Ichizō, mwanzilishi wa kampuni ya reli iliyokuja kuitwa Hankyu, alifungua njia yake mwaka 1910 kutoka Osaka kupita mashambani, ambako abiria walikuwa wachache. Alikuwa amenunua ardhi kando ya njia hiyo, akajenga nyumba na kuziuza kwa malipo ya kila mwezi kwa waajiriwa wa mjini. Nyumba zilileta abiria, na abiria wakailipia reli. Hong Kong inafanya jambo linalofanana: kampuni ya reli ya MTR hupewa haki ya kustawisha ardhi juu na kando ya vituo vyake, na mapato hayo huchangia gharama za njia mpya.

Kenya inafuata wazo hilo katikati ya jiji. Mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa na Rais William Ruto mwezi Desemba 2022 kwa msaada wa Uingereza, unahusu ekari 425 kuzunguka stesheni kuu, ambako ardhi nyingi tayari ni ya umma. Syokimau ni tofauti, kwa kuwa ploti zilishauzwa kabla ya reli kufika. Kilichobaki mikononi mwa umma ni hasa maegesho na ardhi ya reli yenyewe. Ni ajabu kwamba kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote katika duara lile, kile kinachogusana na jukwaa la treni, ndicho kilichotengwa kulaza magari mchana kutwa.

Wanaopanga nyumba

Serikali ya Kenya hutaja upungufu wa nyumba milioni 2 nchini. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu kuutangaza ushuru wa awali kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Fedha hizo zimejenga nyumba sehemu mbalimbali, pamoja na mtaa mpya wa Mukuru, ambako rais alikabidhi nyumba za kwanza Mei 2025. Kwa kuwa kila mwajiriwa anachangia, ni haki kuuliza nyumba hizo zinawekwa wapi. Fleti ya bei nafuu iliyo mbali na kila chombo cha usafiri humrudishia mnunuzi gharama yote kwa njia ya nauli.

Hatari ya upande wa pili ni kwamba stesheni iliyopangwa vizuri huwafukuza walioihitaji. Wakazi wengi wa Nairobi na vitongoji vyake ni wapangaji. Kodi ikipanda karibu na reli, anayehama kwanza ni asiye na gari, yaani abiria mwenyewe, na anayehamia ni mwenye gari anayependa kusema anaishi karibu na stesheni. Sheria inamlinda mpangaji kidogo sana katika hali hii. Kesi ya wakazi wa Muthurwa, walioishi katika nyumba za zamani za reli ambazo zilikuwa zimekabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ilimalizika mwaka 2013 kwa Mahakama Kuu kuamua kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imekiukwa walipotakiwa kuondoka. Uamuzi huo ulihusu kufukuzwa kwa nguvu. Hauzuii kufukuzwa na bei.

Baadhi ya nchi huwataka wastawishaji watenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo wanaporuhusiwa kujenga ghorofa zaidi. Kaunti ya Machakos ingeweza kuweka sharti kama hilo katika vibali vyake ndani ya duara la Syokimau, pamoja na lile la kuunganishwa na mtaro kabla ya ghorofa ya tatu. Bado ipo nafasi kwa sababu ploti nyingi zina nyumba moja tu, au hazijajengwa kabisa. Kila fleti inayomwagiwa zege bila sharti lolote itasimama hapo kwa miaka 50.

Njia ya Ngong

Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua ujenzi wa njia mpya ya treni za abiria kutoka Riruta kupitia Karen hadi Ngong, yenye urefu wa kilomita 12 na nusu hivi. Riruta na Karen ziko kaunti ya Nairobi, ila Ngong iko Kajiado. Karen ni mtaa wa viwanja vikubwa na nyumba chache, wakati Ngong ni mji unaojaa maghorofa kwa kasi. Kwa mara nyingine serikali kuu inajenga vituo, kaunti mbili zinatoa vibali vya ujenzi kuvizunguka, na bei za ploti zinaanza kutajwa pamoja na jina la stesheni kabla treni ya kwanza haijapita. Safari hii, tofauti na Syokimau, maegesho bado hayajamwagwa lami.